Mitungi Isiyosuguliwa

Ukimpa mkono Bi Mitungi utahisi kitu kigumu katikati ya kiganja chake, kama punje ya mahindi iliyozikwa chini ya ngozi. Hilo ni kovu la mwiba wa kambare. Kambare ana miiba miwili, mmoja kila ubavu, na anajua kuitumia kama wakwe wanavyojua kutumia ulimi. Tofauti ni moja tu: kambare akishakuchoma, unamla.

Kabla ya kuitwa Bi Mitungi alikuwa mke wa mtu. Mumewe alikuwa na mtumbwi mmoja na kofia moja, na kwa ajili ya kofia hiyo watu wa mtoni walimwita Kapteni. Mkewe alimshonea nyavu, akamkaushia samaki, akamzalia binti, akamuuguza mama yake alipovunjika nyonga, akimgeuza kitandani asubuhi na jioni mpaka bibi akasimama tena. Shukrani ya punda ni mateke. Binti alipoolewa akahamia mji mwingine na nyumba ikawa kimya, Kapteni akaona ukimya ule unamzeesha. Akaleta mke mpya, msusi, mwenye kucha ndefu ambazo hazijapata kugusa magamba ya samaki. Mke wa zamani akaambiwa vyumba havitoshi.

"Mimi nitoke na nini?" akauliza.

Kapteni akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo. Aliyejibu ni mama yake, mavyaa yule yule wa nyonga. Uani kulikuwa na mitungi ya maji ya zamani, ya siku za kabla bomba halijaletwa mtaani, yote imepasuka, kuku wanatagia humo. Mavyaa akaionyesha kwa kidevu.

"Beba ile. Tangu uingie nyumba hii hujasugua chombo kikatakata. Sufuria zangu zimekufa nyeusi mikononi mwako. Basi nenda na vyombo vya hadhi yako."

Kusugua, kwa mavyaa, kulikuwa ibada. Alianza na majivu, akafuata na mchanga, akamalizia na sabuni, kisha akaanika chombo juani na kukinusa kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto mchanga. Mgeni alikuwa hajamaliza chai, kikombe kimeshapokonywa mkononi kwenda kusuguliwa. Watu walisema kwa utani kwamba kwake hata panya hupita amevua viatu.

Basi mwanamke akaazima mkokoteni, akapakia mitungi, akaondoka. Alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa mji, chumba chenye dirisha moja, kitanda cha chuma, na mlango usiofungika mpaka uunyanyue kwa goti. Njia ya kwenda huko huvuka daraja, kisha hupita kandokando ya mto, pale unapojikunja nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Alipofika kwenye kona ile gurudumu likazama kwenye tope. Akasukuma, halikutoka. Akasukuma tena, mtungi mmoja ukamwangukia mguuni. Hapo ndipo hasira aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi ikasimama. Akauinua mkokoteni kwa nyuma akaumwaga wote mtoni, mitungi na machozi pamoja. Kisha akapangusa uso, akarudisha mkokoteni kwa mwenyewe, akashukuru, akaenda kulala.

Kwa muda aliishi kwa kufagia pale kinuni. Kisha kiangazi kikaja, mto ukapungua, na siku moja akitupa takataka aliona shingo ya mtungi wake imechungulia juu ya maji. Akafikiri: chumbani mwangu hakuna pa kuwekea mkaa. Akakunja nguo, akaingia mtoni, akatia mkono ndani ya mtungi ili atoe tope.

Tope likamchoma.

Alipiga kelele mpaka msaga unga akazima mashine. Lakini hakuachia. Alikuwa ameachia mengi mno mwaka ule. Akautoa mkono ukivuja damu, na nyuma ya mkono akatoka kambare mweusi mnene, ndevu zinacheza, amekasirika kama mpangaji aliyeamshwa bila taarifa.

Mtungi wa pili ulikuwa na wawili.

Wanaovua kwa ndoana hungoja samaki aje mahali alipo mvuvi. Wenye nyavu humfukuza. Bi Mitungi alijifunza jambo la tatu: kumpa samaki nyumba. Kambare hapendi jua wala kelele, anataka shimo lenye giza ambalo mwili wake unagusa kuta, basi. Ukimjengea, anahamia mwenyewe, wala hadai kuchinjiwa. Kona ile ilimfaa, kwa sababu vumbi la pumba hupeperuka kutoka dirisha la kinu na kutua majini mchana kutwa, chakula cha bure. Wavuvi wa nyavu hawakuigusa. Chini kuna vyuma vya mashine ya zamani, na wavu ukitupwa humo hurudi matambara.

Kila kitu kingine mto wenyewe ulimfundisha. Mdomo wa mtungi uelekee kule maji yanakokwenda, la sivyo unajaa mchanga. Mtungi uliopasuka ni bora kuliko mzima, maana ukiunyanyua maji huvujia kwenye ufa. Mtungi mzima ukiunyanyua unanyanyua mto. Kabla ya kuunyanyua, telezesha kiganja juu ya mdomo wake taratibu, kama unayemfumba mtoto mdomo kanisani au msikitini, samaki asishtuke. Na zaidi ya yote, usiusumbue. Ndani ya mtungi uliokaa majini huota utelezi wa kijani, laini kama kamasi, na samaki akishaufahamu utelezi ule hana pengine anapopaita kwao. Mtungi mkavu wenye harufu ya mikono ya watu humpita mbali.

Akaacha kufagia. Wafanyakazi wa kinu walinunua kambare wake mlangoni, wengine wakijitwika ndoo nzima. Msaga unga akampa jina, mtaa ukalidaka, na mwenyewe akalipenda. Jina la kwanza alipewa na wazazi, la pili la mume, hili la tatu alilivua mwenyewe.

Ungedhani mtu aliyekutupa hatakufuata jalalani. Unakosea. Mtu aliyekutupa hukuchungulia apate kuona kama umeoza. Kapteni alipita na mtumbwi wake mtupu, akaona ndoo imejaa mikia inayopigapiga. Alipita tena kesho yake, polepole. Siku ya tatu alikuja kwa miguu, na mama yake, na mwenyekiti wa wavuvi.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa na kawaida ya kumwelekea anayempa lifti ya mtumbwi. Wakasimama ukingoni. Bi Mitungi alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni.

"Bibi," mwenyekiti akaanza, "hapa kuna lalamiko. Mwenzako anasema unavulia mali yake."

"Mali gani? Mto?"

"Mitungi," Kapteni akasema. "Mitungi ni ya mama yangu."

"Mlinipa!"

Mavyaa akapiga fimbo chini. "Nilikupa uwekee majivu. Nilisema uvulie samaki? Nani alinisikia nikisema samaki?"

"Mama, ulisema vyombo vya hadhi yangu."

"Basi hadhi yako haina samaki!"

Wafanyakazi wa kinu waliokuwa dirishani, weupe kwa unga kama mizimu, wakacheka. Msaga unga akapaza sauti: "Kapteni, mbona hukudai na kuku waliokuwa wakitagia humo?"

"Wewe saga!" Kapteni akamjibu.

Mwenyekiti akakohoa. Akasema mitungi ilitoka nyumba ya Kapteni, shahidi yupo, irudi. Tena akasema ni vyombo vya kuvulia kama nyavu na mtumbwi, na vyombo vya kuvulia hubaki na mvuvi, hiyo ndiyo sheria ya mtoni.

"Na kona?" Bi Mitungi akauliza, kwa kuwa mitungi ni udongo lakini kona ilikuwa maisha yake.

"Maji hayana hati. Kona ni ya mwenye chombo majini. Mwezi ukiandama nitapita. Nikikuta una chombo kinachovua, kona yako. Nikikuta maji matupu, anaingia mwingine."

Hakusema mwingine ni nani. Kapteni alikuwa ameshaanza kuipima kona kwa macho, kama anayekagua chumba cha kupanga.

Wakachukua mitungi yote, ikiwa imeota utelezi na inanuka mto, wakaipanga mtumbwini. Bi Mitungi alisimama majini akiona nyumba zake zikihama.

Kaka yake alipata habari kabla ya jioni. Alikuja na baiskeli, akaketi ukingoni mwa kitanda cha chuma, magoti yakigusana na mlango.

"Dada, yaishe. Rudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

"Mkeo anajua?"

Kaka akatazama baiskeli yake kupitia mlango. "Atajua."

Wifi yake alikuwa na jicho la mizani. Angeweza kukuambia umekula matonge mangapi, na lipi lilikuwa kubwa. Bi Mitungi aliwahi kukaa kwake juma moja, akarudi akiwa mwembamba na mwenye kuomba radhi kwa kila kitu, hata kwa kupiga chafya. Akamwangalia kaka yake, mtu mwema asiye na sauti kwake mwenyewe, akasema: "Mwezi ukiandama nikiwa sina kitu, nitakuja. Mwambie wifi anipangie kijiko."

Akaenda kwa mfinyanzi, akachukua mitungi mipya yenye dosari. Akaizamisha. Ilikaa chini ya maji mizuri, myekundu, inanuka tanuri. Alipoinyanyua alipata maji. Akaipaka tope ndani, akaizamisha tena, akapata maji na konokono. Utelezi una siku zake, na siku zake zilikuwa nyingi kuliko za mwezi. Kila asubuhi mwezi ulikuwa umekonda zaidi, naye vilevile.

Wakati huo mtaa wake ulichimbwa. Walikuwa wakitoa mabomba ya zamani ya maji na kuweka mapya, na mtaro ulipita mbele ya mlango wake, ikabidi awekewe ubao wa kuvukia. Fundi bomba alikuwa mjane, mtu mwenye tumbo, aliyekuwa akiimba wimbo mmoja tangu asubuhi bila kuumaliza. Siku moja Bi Mitungi alikuwa akivuka ubao na ndoo tupu, fundi akavuta kipande cha bomba nene kutoka ardhini, na ndani ya bomba akaruka chura.

Bi Mitungi akasimama katikati ya ubao.

"Huyo alikuwa anakaa humo?"

"Na familia yake," fundi akasema. "Mimi ndiye dalali niliyewafukuza."

Akashuka mtaroni, fundi akimshangaa, akaingiza mkono ndani ya bomba mpaka kwenye kiwiko. Kuta zilikuwa na utelezi mnene wa miaka, laini kama kamasi. Akanusa vidole. Hakukuwa na harufu ya moto wala ya mtu. Palikuwa na harufu ya maji ya kale.

"Haya unayapeleka wapi?"

"Makaburini. Hayafai kitu. Maji yamekataa kupita humo."

"Sitaki maji yapite. Nataka yalale."

Fundi akamtazama, tope mpaka kwapani, macho yanang'aa. "Mama, katika kazi yangu nimeombwa mengi, lakini hili jipya."

Akamkatia vipande, akamletea kwa mkokoteni mpaka kwenye kona, akiimba. Walivifunika kwa magunia yaliyolowa ili utelezi usikauke njiani. Bi Mitungi akaziba upande mmoja wa kila kipande kwa udongo wa mfinyanzi, akauacha na tundu dogo la kutolea maji, akavifunga kwa mipira ya matairi, akavilaza mdomo ukielekea maji yanakokwenda.

Vipande vya kwanza vilikuwa virefu mno. Aliponyanyua kimoja, kambare alikuwemo, lakini uzito wake ukasukuma kizibo cha udongo, samaki akatokea nyuma kama barua iliyokosea anwani, akampiga fundi bomba tumboni na kurudi mtoni.

"Amenibusu," fundi akasema.

"Amekukataa. Kata vifupi."

Akakata vifupi. Na vizibo wakavipigia vijiti viwili, msalaba, ili udongo ushike. Asubuhi iliyofuata Bi Mitungi aliingia majini peke yake, akatelezesha kiganja juu ya mdomo wa bomba, na chini ya lile kovu akahisi ndevu zikimtekenya. Alisimama hivyo kitambo, bila kunyanyua. Nyumba yake ilikuwa na mtu.

Ng'ambo, chini ya dirisha la Kapteni, mambo yalikuwa mengine. Siku walipoifikisha mitungi nyumbani, Kapteni alitaka kuizamisha palepale. Mama yake akamkatalia. Mitungi inanuka! Ina makamasi! Ndiyo maana nilisema mwanamke yule mchafu! Akaketi uani, nyonga iliyopona imenyooshwa mbele, akaisugua mmoja mmoja, ndani na nje, majivu, mchanga, sabuni, akaianika juani, akainusa, akaridhika. Kisha ndipo ikazamishwa, imetakata, ikawa inametameta chini ya maji kama vikombe vya arusi. Kila ilipotoka mitupu, aliisugua upya, akiamini ni uchafu uliobaki.

Mwezi ulipoandama mwenyekiti alikuja, na Kapteni amemleta kwa mtumbwi. Dirisha la kinu lilijaa watu weupe. Fundi bomba alikuwa ukingoni, kimya kwa mara ya kwanza.

"Bibi, nionyeshe chombo."

Bi Mitungi akainama, akafunika, akanyanyua. Maji yakavuja kwa nyuma, bomba likawa jepesi, akaliinamisha juu ya ndoo. Kambare akashuka, mnene, akaipiga ndoo kwa mkia ikalia kama ngoma. Akanyanyua la pili. Akanyanyua la tatu.

Kapteni akavua kofia. "Mwenyekiti, hilo ni bomba! Bomba ni la maji ya kunywa. Bomba si chombo cha kuvulia!"

"Na mtungi ni wa nini?" msaga unga akauliza kutoka dirishani. "Wa kusafiria?"

Kicheko kikaanguka juu ya maji. Mwenyekiti alikuwa na lifti ya kurudi nayo nyumbani, na alitamani kumsaidia mwenye mtumbwi. Lakini alikuwa amesema maneno pale pale, mbele ya watu wale wale, kwamba chombo cha maji ya kunywa kikivua ni chombo cha kuvulia. Alipinda huku, akapinda kule, mwisho akashusha mabega.

"Kapteni, mtungi ulipoudai ulikuwa chombo. Basi na bomba ni chombo. Kona ni yake."

"Lakini..."

"Kona ni yake. Nirudishe, nina njaa."

Bi Mitungi akamwita kabla hajapanda mtumbwi, akampa kambare mmoja mkubwa, kwa mikono miwili. Hakumpa kwa upendo. Alitaka kila atakapomeza akumbuke alichotamka.

Tangu hapo kaka yake huja siku za mapumziko, hula hapo, na hurudi na samaki wa wifi, ambaye sasa humtumia salamu ndefu. Fundi bomba naye hupita mara kwa mara kukagua vizibo, ingawa vizibo havina tatizo. Bi Mitungi humwachia akague. Hajamkubalia lolote. Mtu aliyeumwa na nyoka hashikani na kamba upesi, lakini anaruhusiwa kusikiliza mtu akiimba.

Jioni moja mavyaa akaja. Alivuka daraja kwa fimbo yake, akafika kwenye kona akihema, akasimama.

"Mkamwana."

"Mimi si mkamwana wako tena, mama. Lakini karibu." Akamwekea gunia juu ya jiwe akae, kwa sababu nyonga ile aliijua kuliko mwenyewe.

Bibi akaketi. Akatazama ndoo. "Niambie dawa unayotia."

"Sitii dawa."

"Usinifiche. Mitungi ile ile, mto ule ule. Sisi tunapata kaa mmoja, naye hana mguu. Nani amekupa dawa?"

Bi Mitungi alikuwa ameingoja siku hii. Aliwahi kulala akiipanga, neno kwa neno, atakavyomjibu. Lakini alikuwa ametoka majini muda huo huo, miguu imechangamka, ndoo imejaa, na maneno yote makali aliyoyahifadhi aliyatafuta akayakosa. Kwa hiyo akamwambia ukweli.

"Mama, acha kuisugua."

Bibi akamgeuzia sikio, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Iache majini. Usiitoe, usiitie sabuni. Iote utelezi. Samaki hapendi chombo kilichosuguliwa."

Mavyaa akasimama, polepole, akivutwa na hasira zaidi kuliko fimbo. "Nimekuja kwa adabu, kwa miguu yangu, na umri wangu huu, unanitukana usafi?"

"Sikutukani. Ndiyo siri yenyewe."

"Nilijua! Mchafu atafundisha nini, isipokuwa uchafu? Baki na dawa yako!"

Akaondoka. Bi Mitungi alimtazama mpaka akamaliza daraja, asije akateleza. Kisha akawasha jiko mlangoni pake, akakaanga kambare wa mwisho, yule aliyekuwa mdogo wa kuuza, akala akiwa ameketi kwenye kizingiti, mgongo umeegemea mlango usiofungika. Mashine ya kinu ikazimwa. Katika utulivu ule, kutoka ng'ambo, sauti ilianza kuvuka maji: sugu, sugu, sugu.

Akalamba vidole. Huko chini, kwenye giza la mabomba, wapangaji wake walikuwa wakiingia.